Kumi la Sita

Fridley, 11 Januari 2015

Shangazi Alice mpenzi,

Habari za Moba, na goti lako? Sisi wazima, ila baridi ya huku Marekani haina adabu.

Jana tulisali rozari nyumbani kwa rafiki yangu Vestine, kule New Hope. Wenzangu walimaliza makumi matano wakaanza kuvaa makoti. Mimi nikaendelea na kumi la sita peke yangu, kama ulivyotufundisha. Vestine akaniuliza, "Héritière, hiyo ya sita iko ya nani?" Nami nakuuliza wewe. Ni ya nani, Shangazi?

Jambo kubwa: nina mimba, ni msichana. Wewe ndiwe dada ya baba, jina unatoa wewe. Nakuomba umpe Kyabu, jina la nkambo wenu, bibi aliyemzaa baba yenu. Baba alilitaja mara moja tu, kisha akajishika mdomo.

Binti yako,
Héritière

Moba, 15 Februari 2015

Binti yangu,

Nimefurahi mpaka nikaruka, goti likanikumbusha umri. Mumeo Janvier akupikie, asijifanye mgeni jikoni.

Jina hilo, hapana. Mtoto akipewa jina la mtu, anamrudisha mtu huyo nyumbani, nawe hujui unamwita nani. Mwite Félicité. Na kumi la sita lisali tu, usiulize.

Shangazi yako

Moba, 3 Mei 2015

Binti yangu,

U mzima? Mtoto je? Tangu Februari hujaandika. Najua umenuna, baba yako alinuna hivyo hivyo. Haya, nasema.

Kyabu alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa. Padre wa misheni akamnunua kwa vitambaa, akamwambia yuko huru. Lakini kutoka kijiji cha misheni hakuruhusiwa. Alipokua, padre alipanga wavulana mstari huu, wasichana mstari ule, akawaoza anavyotaka. Kyabu akamkataa aliyepewa; alikuwa ameshampenda seremala. Mwezi ule mtoto wa katekista akafa, na Kyabu alijua dawa za kuzalisha. Basi akaitwa mchawi mbele ya altare. Wakachoma chungu chake cha dawa, wakampiga fimbo. Yeye na uzao wake wakapewa toba: kumi la sita kila Jumamosi, mpaka padre aseme inatosha.

Padre alirudi kwao Ulaya, akafa bila kusema. Zaidi ya miaka mia tunamngoja!

Baba aliniambia yote, nami nikaogopa. Niliogopa uchawi, niliogopa mapadre, nikawafundisha kuomba msamaha wa kosa ambalo halikuwepo. Nisamehe, mwanangu. Jana nilikusanya ukoo. Baada ya kumi la tano nikasimama, nikasema, "Inatosha." Kisha tukala samaki.

Mwite Kyabu. Mimi nimempa.

Shangazi yako

Fridley, 28 Juni 2015

Shangazi mpenzi,

Goti linasemaje? Sisi wazima, tena watatu. Barua yako ilimkuta mtoto ana wiki mbili, hana jina. Félicité lilinikwama kooni, na bila wewe nisingempa lingine. Sasa ni Kyabu, na ana sauti yako, pole zetu.

Nililia kwa ajili yake yule wa kwanza, kisha nikafurahi sana.

Jana kwa Vestine tulimaliza matano, nikatia rozari mfukoni. Wote wakanitazama.

"Na ya sita?" Vestine akauliza.

"Imekwisha."

"Nani ameruhusu?"

"Shangazi yangu."

Nikamfunga Kyabu mgongoni, nikawa wa kwanza kutoka mlangoni.

Binti yako,
Mama Kyabu