Nimeshafuta

Jumatatu, 3 Machi

Somo la tatu la usalama mtandaoni, ukumbi wa usharika, Mbulumbulu. Umeme umekatika tena. Mimi mwalimu wa kompyuta, nimefundisha kwa ubao na chaki. Nikauliza: namba ya siri, tunampa mtu? Wakaimba wote: hapanaaa! Habari za mtu mwingine, tunazirusha bila ruhusa yake? Hapanaaa! Wangesema hapana hata ningeuliza kama ng'ombe anakula majani. Mama mkwe alikaa mbele, akaitikia kuwazidi wote.

Kwao mwizi wa mtandaoni lazima awe mtu wa mbali. Nimerudi Karatu na tope hadi magotini.

Alhamisi, 6 Machi

Mapumziko, chumba cha walimu, nikafungua simu. Kundi la maombi la usharika. Mama mkwe ameipiga picha kadi ya kliniki ya Paulina na kuirusha. Jina kamili. Namba ya simu. Ugonjwa: kifafa. Dawa anazomeza. Chini yake: "Wapendwa, tumwombee binti yangu." Kisha amina, amina, amina, hadi kidole kikachoka kushuka.

Paulina ni wifi yangu. Anatandika vitanda kwenye loji moja karibu na geti la Ngorongoro. Hajaanguka tangu aanze dawa, miaka sasa. Kazini hakuna anayejua. Yaani, hakukuwa na anayejua.

Nikampigia Mama, kwa adabu zote. Afute haraka. Akasema sawa mwanangu. Baadaye akapiga yeye: nimeshafuta. Mimi bado naiona. Jioni nikapanda bodaboda hadi kwake. Akanionyesha simu yake kwa fahari. "Tazama, haipo." Kweli haipo. Amejifutia yeye peke yake. Kwa wengine wote imebaki, na sasa hata yeye hawezi tena kuiondoa. Kiongozi wa kundi, mzee wa kanisa, angeweza. Nimempigia. Amesema maombi hayafutwi.

Nilitaka kulia. Nikanywa chai.

Ijumaa, 7 Machi

Picha imehamia kundi la kwaya. Kufika mchana, kundi la wafanyakazi wa loji, maana kuna mwanakwaya anapika kule. Wote wameandika pole. Hakuna mwenye nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ningekuwa na adui ningejua hasira niielekeze wapi.

Meneja amemwambia Paulina akapumzike nyumbani kwanza. Hakusema mpaka lini. Paulina hajalia. Amepalilia bustani yote ya mboga, mvua ikimnyeshea.

Jumapili, 9 Machi

Nilimwomba mchungaji atangaze: tusirushe ugonjwa wa mtu bila ruhusa yake. Alikubali, mtu mwema. Kwenye matangazo akaanza vizuri kabisa, hata mimi nikaanza kupumua. Halafu akatoa mfano.

"Kama dada yetu Paulina, anayesumbuliwa na kifafa. Dada, simama tukuombee."

Akasimama. Angefanya nini? Sasa hata wasio na simu wamejua. Nina hasira na mchungaji, nina hasira na kundi, nina hasira na mimi niliyeomba tangazo.

Jumanne, 11 Machi

Tumeenda loji, mimi na Paulina. Meneja ni kijana wa Moshi, mpole, akatutilia kahawa. Anaogopa wageni watasemaje. Paulina akianguka chumbani mwao je?

Paulina akamuuliza, "Nimeanguka lini hapa?"

Akakiri hajawahi. Atazungumza na bosi, Arusha.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia Mama wazi: ile picha ndiyo iliyomtoa Paulina kazini. Akanikata jicho. "Nimemwombea mwanangu, leo nimekuwa mwizi?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mume wangu yuko Serengeti na watalii wake. Kwa simu anasema mama ni mama. Najua mama ni mama! Na Paulina je, si dada yake?

Jumatatu sifundishi. Wajifundishe wenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu asubuhi. Paulina alikuja kunichukua, akasema twende kwa Mama, hasira haipiki ugali. Tumekaa jikoni watatu, tunachambua maharage. Mama hakunisemesha sana, lakini kigoda alinipa.

Simu ya Paulina ikaita. Meneja. Arudi kazini Jumatatu, ila si vyumbani. Chumba cha kufulia, huko nyuma, wageni wasikofika. Paulina akasema asante, nitakuja. Huko hakuna tipu za wageni, na shuka zilizolowa ni nzito. Si haki. Lakini kazi ipo.

Mama akapiga vigelegele, akashika simu yake. Niliona akiandika: Wapendwa, Bwana ametenda. Nikafungua mdomo. Alishaacha mwenyewe, anamtazama Paulina.

"Niwaambie?"

Paulina akachambua kidogo, akatupa jiwe pembeni.

"Hapana, Mama."

Mama akaitia simu kwenye mfuko wa sweta. Akachota maharage mengine, akayamwaga kwenye ungo wake.