Kwa Bwana Meupe, Aliyeosha Vibao Bila Kumwaga Tangi

Mwaka umeshapita, Baba Watoto, tangu wakutoe kwenye banda la maji ya rangi pale kiwandani. Nimeambiwa mimi mkeo nikuandikie maneno matamu katika tangazo la kumbukumbu. Dada zako wanasema marehemu hasemwi. Nitajitahidi.

Ulikuwa mcheshi, na nje ya nyumba ulikuwa asali. Mtaa mzima ulikuita Bwana Meupe, nawe ukalivaa hilo jina kama koti. Maji machafu ya kutia nguo rangi yakiingia tangini, unatia chumvi, unawasha umeme kwenye vibao vya chuma, uchafu unaungua mpaka maji yanakuwa meupe. Wageni wakija, unachota glasi, unakunywa mbele yao. Fundi wa maabara alikuonya, "Bwana, meupe si safi." Ukamjibu, "Wewe pima, mimi nanywa." Watu wakapiga makofi. Sisi tulikufulia mashati.

Vibao vikishika ukoko vinaoshwa kwa asidi, lakini kwanza tangi linamwagwa. Asidi ikikutana na maji yale inatoa hewa ya kuua. Ulituimbia sheria hiyo mpaka mezani, na wanao waliijua kabla ya kusoma.

Siku ile msimamizi alikuja kusema wageni wako getini. Vibao vilikuwa na ukoko, maji bado ya zambarau. Kumwaga tangi kungekuchelewesha, na wewe aibu uliiogopa kuliko kifo. Ukamimina asidi hivyo hivyo.

Ungekufa peke yako ningekulilia vizuri. Mlango ulikuwa wazi nyuma yako, mume wangu. Hukutoka. Ulimwita kifungua mimba wetu, aliyekuwa kazini chumba cha pili cha kiwanda akikunja vitambaa, aje afungue madirisha wageni wasisikie harufu. Akaja, maana ulimfunza kuitika.

Wenzako walimtoa yeye akiwa hai. Wewe ulikuwa umeshakwisha.

Sasa analala ameketi, mito mgongoni. Mchumba wake alimsikia anavyohema kutoka jikoni hadi sebuleni, akaaga kwa adabu, hajarudi. Wewe umepata pumziko la milele. Yeye pumzi ya kupanda ngazi hana. Wala hakuchukii. Juzi alinishika mkono akasema, "Mama, Baba aliogopa kuaibika tu, muache." Siwezi kukuacha. Nakugombeza kwa niaba yake, kwa sababu yeye akianza kugombana anaishiwa pumzi.

Unakumbukwa nami mkeo. Na mama yako mzazi, ambaye bado anakulilia. Na dada zako, ambao hawakuonyeshwa tangazo hili. Na wanao wote, mkubwa wao akiwa wa kwanza.

Pumzika kwa amani, ukiweza. Kukusahau hatuwezi. Nyumba ni ndogo, ukuta wa chumba chake ni mwembamba, na kila anapovuta pumzi tunamsikia.