Posa Yenu kwa Zaituni

Joubert Park, Johannesburg

Kwako Kaka Athumani,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na watoto wamepunguza kumlilia mama yao? Mimi mzima, nakula, nafanya kazi. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya umma, ujumbe wa sauti wanausikiliza mpaka majirani. Bi Mwanahawa, jirani yangu hapa, anakuja Tanga wiki hii, atakupa mkononi. Soma peke yako.

Posa yenu nimeifikisha.

Mama alinipigia huku anacheka: "Yule rafiki yako Mrundi, Zaituni, mwenye sauti ya adabu. Mwanamke aliyemsitiri binti yangu ndiye wa kumsitiri mwanangu mgane." Nikajichekesha na mimi. Jamani, mnaposa mtu bila hata kuuliza moyo wake uko kwa nani!

Unajua mume wangu alivyonipa talaka: nguo zangu kwenye mfuko wa taka nje ya mlango, na mke wake mpya ananichungulia dirishani. Aliyenipokea ni Zaituni, tunayesuka naye saluni moja. Eda yangu nilikaa chumbani kwake. Alinipikia, alinifulia, na kule kazini akasuka wateja wake na wangu ili kiti changu kisichukuliwe. Nilimwona dada. Eda ilipokwisha nikamwambia natafuta chumba, akanishika mkono, akasema, "Usihame." Sikuhama. Tangu hapo tunalala kitanda kimoja, na nampenda kama ulivyompenda marehemu mkeo. Nasema wazi usije ukadai hukuelewa.

Posa nilimpelekea kama kichekesho. Tulikuwa tunasuka kichwa kimoja, yeye kulia mimi kushoto, ndivyo tufanyavyo mteja akiwa na haraka. Nikamwambia, "Shoga, kwetu wanakutaka uolewe na kaka yangu." Nikangoja acheke. Vidole vyake vikasimama, mpaka mteja akaguna, "Eish!"

"Ana nyumba yake?" akauliza.

"Anayo."

"Hakuna atakayemgongea mlango amwambie arudi kwao?"

"Zaituni, pale ndipo kwao."

"Basi waambie nimekubali."

Nikadhani utani. "Na mimi je?"

Hata macho hakuinua. "Wewe utakuwa wifi yangu. Tutaonana sikukuu." Akaendelea kusuka, na upande wake ukatoka umenyooka kuliko wangu.

Nilimtukana, Kaka. Nilimwita msaliti, nikamwita maneno ambayo Mama angenizaba kofi kuyasikia. Nilipochoka akasema, "Kule mtaa wa Alexandra wanaotufukuza wageni walinivunjia mlango, nikakimbia na nguo nilizovaa. Hapa kila siku nasikia tena kwamba tuondoke. Mapenzi yako matamu, Mwanaisha, lakini hayanipi kwetu."

Kisha akaniapisha nisikwambie. Nikaapa, na bado nakwambia. Ukimuoa utapikiwa vizuri, wanao watalelewa vizuri, na atakuheshimu mpaka mwisho. Kukupenda hatakupenda. Akikuitikia kwa upole, ujue ndivyo anavyomwitikia hata mteja asiyempenda.

Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka, na mjomba wa dukani. Wanao wabusu, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama msalimie sana, ila haya usimwambie. Hata uchungu wake sina nafasi ya kuubeba sasa.

Zaituni yuko hapa kitandani anakunja khanga za kumletea Mama. Ameniuliza kama nimemsifia kwako vya kutosha, nimemjibu nimemsifia mno. Akatabasamu, masikini.

Ikatae hiyo posa, Kaka. Atajua ni mimi, na atanichukia. Anichukie, lakini abaki hapa.

Mdogo wako,
Mwanaisha