Mafuta ya Kaka

Siku ile kaka alipoanguka kazini asirudi tena, alikuwa ametoka nyumbani kwa miguu. Pikipiki aliiacha sebuleni, akatuambia kwa kicheko, "Ole wake atakayegusa mafuta yangu!" Unamjua alivyokuwa.

Mama akalishika neno hilo miezi kumi na moja. Hakuna kugusa.

Leo kaamka anataka kuusikia tena mlio wa pikipiki ya mwanawe. Nikamwita fundi.

Mwenzangu, ikagoma. Kabureta kutu tupu. Fundi akamimina mafuta ya kaka kwenye chupa, yakajitenga tukiyatazama: petroli juu, chini kama maji.

"Nani kaweka maji humu?" mama akauliza.

Akanigeukia mimi. MIMI! "Umeyauza mafuta ya kaka yako ukajazia maji?"

Nikaapa sijayagusa. Mama yangu mzazi, ananitazama kama mwizi.

Fundi akaona haya. "Mama, mwache binti. Petroli hii imechanganywa na spiriti, na spiriti inavuta unyevu wa hewani. Ikikaa sana inazama pamoja na maji. Hakuna aliyeyaweka. Ni hewa ya humu ndani."

Hewa ya humu ndani. Sebule ile ile tuliyomlilia.

Mama akakaa sakafuni. "Basi ni mimi niliyeiharibu."

Fundi kaondoka na kabureta. Chupa iko uani, mbali na jiko, na mama amekaa kando yake. Amekataza isimwagwe.