Nyumba Alizoziombea Shangazi Raheli

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku mtaani Buxton hatujambo, na dada yako amejifungua salama.

Umeniuliza nani alinifunza kusali. Ni shangazi yangu Raheli. Wakati wa vita vikuu vya dunia, nikiwa msichana, kila alfajiri tulipita Mji wa Kale kwenda kazi yetu ya kufua nguo za watu Kizingo, naye akiombea kila nyumba kwa sauti ndogo. Siku moja mama mmoja wa Kiislamu alifungua mlango.

"Wanong'ona nini hapa kila siku?"

"Nawaombea mlio ndani."

"Basi mwombee mwanangu, homa haimwachi."

Shangazi aliingia, akamwomba Yesu, kisha akambeba mtoto hadi hospitali. Mtoto alipona. Sisi tukafukuzwa kazi kwa kuchelewa.

Kesho yake aliniamsha alfajiri vilevile.

"Twenda wapi, shangazi, na kazi hatuna?"

"Kwani zile nyumba nani ataziombea?"

Mungu akulinde huko uliko.

Nyanya yako