Kamera Iliyomwona Baba Mkwe

Shoga, usipige simu. Nimesimama nje ya geti la watu.

Ile kamera ya mtumba niliyokwambia, ya kupigia picha za sherehe kwenye kumbi zenye mwanga hafifu. Nimeifuata nyumbani kwa muuzaji. Nikamwambia sinunui maneno, naijaribu gizani kwanza.

Akanipeleka stoo. Hakuna dirisha, hakuna taa, ni kamwanga tu kanakopenya chini ya mlango. Nikampiga picha yeye peke yake.

Shoga, kwenye kioo cha kamera wako WAWILI.

Wawili!

Nyuma yake, kando ya godoro kuukuu, amechuchumaa baba mkwe wake, kijiko mdomoni, kakumbatia mfuko wa sukari. Kumbe mzee ana kisukari! Na gizani anamnong'oneza mkwewe, "Futa hiyo, mwanangu, mkeo asiione."

Unajua muuzaji kaniambia nini? "Umeona lakini, dada? Picha haina chenga hata moja!"

Na kweli haina. Punje za sukari kwenye ndevu unaziona moja moja.

Mara mlango wazi, mzee kazama nyuma ya godoro. Mke wa muuzaji. "Mmemwona baba?"

Nikaruka mimi, kimbelembele: "Hapana dada, humu hakuna mtu."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Na wewe na mume wangu mnafanya nini gizani?"

Shoga, akili ikaniruka. Nikampa kamera mkononi. "Tunapiga picha tu, dada, si hii hapa, angalia mwenyewe!"

Akaangalia.

Akaikuza. Akaikuza tena.

"Baba, toka."