Ukuta wa Upande wa Ziwani

Jumanne, 9 Septemba

Bomba limevuja tena. Asubuhi yote mgongo umelowa klorini, dera langu la kazi limetoka mabaka meupe. Nimelifungua mezani jikoni. Zile ringi za mpira za ndani zimelainika, ukizibonyeza zinabaki kidoleni. Klorini imezila ndani ya siku chache. Muuza pembejeo pale Mwanga, Kigoma mjini, aliniapia kwamba bomba hili la mgongoni linapiga dawa yoyote. Dawa yoyote ya mahindi, labda. Mtu anauza mabomba miaka yote hiyo na hajawahi kufungua hata moja akaona lina nini tumboni.

Ukuta wa mbele una vumbi tu. Wa nyuma una ukungu mweusi. Upande wa ziwani ni kijani kuanzia msingi hadi madirishani, na juu ya kijani kuna michirizi myeusi. Wageni wanapiga picha ya ziwa, wanageuka, wanauona ukuta, halafu wanaulizia gesti nyingine. Sikatai, hata mimi nisingelala humu.

Marehemu mume wangu aliniachia vyumba saba na mdogo wake mmoja. Vyumba navimudu. Huyo Hamisi ametoka Dar kuja kunifariji, mwezi wa pili huu anafariji tu, anakula, na anawaambia watu wa Ujiji kwamba nyumba ya kaka yake inaoza mikononi mwa mwanamke. Kikao cha ukoo ni tarehe 21. Baba mkubwa wao ndiye ataamua: niendelee kuiendesha gesti mimi, au apewe Hamisi. Nikinyang'anywa hii sina pengine. Nitakwenda kukaa kwa Mwasiti Tabora, nilee wajukuu na kuomba hela ya vocha.

Jumatano, 10 Septemba

Hamisi kaleta mashine ya presha. Kaiazima kwa waosha magari. Ameishusha kwenye bajaji kwa mbwembwe, watoto wakakusanyika, akawapanga mstari wasikanyage mpira. Nikamwambia aanzie nyuma ya stoo.

Plasta imebanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Tofali zikachungulia. Marehemu alichanganya plasta hiyo mwenyewe, mchanga mwingi wa ziwani na saruji ya kuhesabu, chokaa juu. Haitaki kupigwa. Hamisi akatazama tundu akasema ukuta ndio mbovu. Ukuta umesimama tangu Mwasiti yuko darasa la pili. Yeye hajawahi kusimama kwenye kazi moja mwaka mzima.

Naandika ili nisirudie kueleza kwa wapumbavu: ukungu una mizizi. Presha inachuna ngozi, mizizi inabaki, mvua ikinyesha unarudi na ndugu zake. Klorini inaua mizizi. Sabuni inaifanya klorini ing'ang'anie ukutani isitiririke upesi. Unapuliza polepole, unasubiri, unasuuza kwa maji ya kawaida. Basi. Nilifundishwa na fundi rangi aliyelala namba nne majira ya mvua, naye hakulipia chumba siku ya mwisho, lakini hilo la ukungu alisema kweli.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimezunguka Mwanga yote tangu jana. Duka la kwanza: pampu ya umeme, nzuri, bei ya wazimu. Muuzaji ananiita bosi. Duka la pili: bomba lenye mdomo wa shaba, muuzaji anasema shaba ni ya kudumu. Shaba na klorini! Itakuwa kijani kabla ya ukuta kuwa mweupe. Nilimweleza, akanitazama kifua kikimjaa, akasema yeye amesomea kilimo. Nimemwachia kilimo chake.

Mwisho nimebaki na bomba langu lile lile. Nimelibadilisha mdomo, nimeweka wa plastiki. Ringi nilichukua aina tatu, nikazilaza usiku ndani ya chupa ya klorini. Mbili zimevimba. Zile nyeusi ngumu, za pampu ya mafuta, hazikushtuka. Fundi pampu wa Ujiji aliniuzia bila kuuliza ni za nini, Mungu ambariki kwa kunyamaza. Mpini nimefunga kwenye mwanzi mrefu, nafika chini ya paa bila ngazi. Maji ya kusuuza yanatoka simtank kwa mpira wa bustani. Tangi liko juu ya mnara, maji yanashuka yenyewe. Sabuni ni ya mawese, nimeikwangua na kuiyeyusha kwenye maji moto. Nachuja kila kitu kwa kitambaa, maana ile klorini ya unga ina chenga zinaziba mdomo.

Hamisi kaviona, kacheka. Kasema vifaa vya kijijini. Kweli ni vya kijijini. Yeye wa mjini kaja na nini? Tundu nyuma ya stoo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemaliza mbele, nyuma na ubavu wa barabarani. Siku mbili, mimi na bomba. Nilimwagia maua maji kwanza yasiungue. Nikapuliza kuanzia chini kwenda juu, nikaacha, nikasuuza juu kwenda chini. Ukungu uligeuka hudhurungi, kisha ukaondoka bila kelele. Chokaa ya marehemu imetokea chini yake, nzima. Nililia kidogo. Bega linauma.

Mama Bukuru, muanika dagaa wa hapa chini, kapanda kutazama. Kagusa ukuta kwa kiganja, kacheka, kasema marehemu kaoga. Ni mwanamke pekee hapa Katonga ambaye sina neno baya juu yake. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa Simbo, Kiswahili chake nusu ni Kiha. Kwenye msiba alilala na mimi kwenye mkeka hadi matanga yakaanuliwa, akiosha vyombo vya watu mia na kuimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya chini ili wazee wa kwetu wasikasirike.

Upande wa ziwani nimeuacha. Mitumbwi ya dagaa imeanza kutoka tena, maana giza limerudi na dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Sasa kila asubuhi wanawake wanaanika dagaa kuanzia mchangani hadi chini kabisa ya msingi wangu, na maji ya ukuta ule yote yanateremka kwao. Mpaka mbalamwezi ya Oktoba, mitumbwi ikilala na mchanga ukiwa mtupu, ndipo nitauosha. Hilo halihitaji kufundishwa. Katonga hata mlevi analijua.

Jumanne, 16 Septemba

Debe tupu. Hamisi kampigia simu baba mkubwa kumwambia kwamba shemeji kaosha kuta rahisi na kuogopa ngumu. Kwamba wazee wakija wataingilia upande wa ziwani wajionee. Baba mkubwa akanipigia. Nikamweleza habari ya dagaa na mwezi. Kasema, "Sawa, mkwe wangu, ila ukuta mchafu ni ukuta mchafu." Mzee amekaa Ujiji maisha yake yote na amezeeka bila kuanika dagaa hata kikapu kimoja.

Alhamisi, 18 Septemba

Hamisi katoka Ilagala na pampu ya kumwagilia vitunguu. Ya petroli. Inatoa maji ya kuzima moto. Kaiweka uani, kaifunika turubai kana kwamba kuna mtu ataiba. Kanunua na ndoo nzima ya klorini ya unga. Nilimuuliza atachanganya kiasi gani. Kasema yote.

Simuulizi tena kitu.

Jumamosi, 20 Septemba

Niandike ilivyokuwa.

Asubuhi nilisikia mngurumo. Nikaenda dirisha la namba sita na chai yangu. Hamisi alikuwa upande wa ziwani, pipa limejaa maji meupe, pampu inaunguruma, mpira mkononi. Chini dagaa zimeanikwa mpaka miguuni pake. Wanawake wengi walikuwa mwaloni wakipokea mitumbwi. Mama Bukuru alikuwepo peke yake, ameinama, anageuza dagaa zake.

Upepo ulikuwa bado unatoka mlimani kwenda ziwani.

Nilijua. Sina la kusingizia. Nilijua upepo, nilijua mteremko, nilijua pipa lina nini. Ilikuwa kufungua dirisha na kusema neno moja. Nikawaza: mtoto akililia wembe, mpe. Kesho kikao. Acha aharibu mwenyewe, mbele ya watu, nisionekane nimetia mkono. Nilifurahi. Hiyo ndiyo kweli, nilisimama pale nikifurahi na chai ikapoa.

Mama Bukuru aliinuka harufu ilipomfikia. Akamtazama Hamisi, akapiga kelele, pampu ikamfunika sauti. Akatazama juu, nyumbani. Halafu maji yakashuka kati ya mawe, meupe kama ya kuoshea mchele, yakaingia kwenye nyavu zilizoanikiwa dagaa. Akaanza kukumba dagaa kwa mikono miwili, akizitupa juu kwenye mchanga mkavu. Wenzake wakaja mbio. Hawakuokoa kitu. Mzigo wa wiki nzima, na mnunuzi wa Kasulu alikuwa anakuja leo jioni.

Nilishuka baadaye, kila kitu kilipokwisha, nikiwa nimejifunga kanga ya pili kama mtu aliyeshtuka. Nikamtukana Hamisi mbele yao. Nilimtukana vizuri sana.

Jumapili, 21 Septemba

Kikao kimefanyika sebuleni. Wazee walipita upande wa ziwani. Ukuta una mistari, mahali peupe, mahali kijani, na pembeni plasta imetoboka.

Kabla ya dua wanawake wakaingia na beseni. Dagaa nyeupe kama karatasi, zinanuka kama dawa ya chooni. Wakaliweka kwenye mkeka mbele ya baba mkubwa. Mzee akainama, akanusa, akafunika pua kwa kanzu.

Hamisi kajitetea kwa kusema kwamba mimi nilikuwa ndani, nilimwona, sikumkataza. Baba mkubwa akaishusha kanzu puani. "Mtu mzima wewe, unataka kukatazwa?" Wazee wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu aje Kigoma, Hamisi alisema kweli tupu, na hakuna aliyemwamini.

Baba mkubwa akamgeukia Mama Bukuru, akamuuliza kama ana la kuongeza. Akanitazama. Mimi niliangalia mkeka. Akasema, "Sina, mzee."

Gesti ni yangu kuendesha. Hamisi atawalipa wanawake kwa kuuza pikipiki yake. Wazee wamekula pilau, wameniita mwanamke wa maana.

Jumatatu, 22 Septemba

Sikulala. Wembe nilimpa Hamisi, umemkata mwingine.

Ijumaa, 26 Septemba

Hamisi kaondoka na treni. Kaacha soksi chini ya kitanda na tundu nyuma ya stoo. Nilidhani nitafurahi. Ni mjinga, mvivu, mwongo, na kwa siku ile moja mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye. Yeye hakujua.

Kina Mama Bukuru wamelipwa. Wengine wamerudi kuanika hapa chini. Yeye kahamia kule mwisho kabisa, kwenye mawe, mbali na maji ya ukuta wangu na mbali na kivuli chake. Asubuhi nikipita ananijibu salamu vizuri. Hata ananiwahi yeye, kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Mwasiti." Hapandi tena.

Jumatano, 8 Oktoba

Mbalamwezi. Mitumbwi imelala. Nimeosha upande wa ziwani tangu alfajiri, taratibu, kwa mwanzi. Pale plasta ilipotoboka nimeziba kwa mchanga na saruji. Mchana ukuta wote ulikuwa mweupe. Kulikuwa na wageni wawili barazani wakausifia. Nikawaambia asante.

Alasiri nimevua dera la kazi, nikaenda kule kwenye mawe. Mama Bukuru alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda chake anashona nyavu. Nikakaa chini. Nikamwambia nilikuwa dirishani siku ile, nikaona yote, nikanyamaza.

"Nilikuona," akasema, hakuinua kichwa. "Nikadhani unashuka."

Akakata uzi kwa meno. Akasimama, akaniomba nishike upande wa pili wa wavu aukunje. Nikashika. Tulikunja ncha kwa ncha, hadi mikono yetu ikakutana. Akauchukua, akaniambia asante, akaingia ndani.